Nimelipa pauni kukanyaga matope, na posho sikupewa

Wakuu habari za wikiendi. Jana usiku ndo nimerudi kutoka shamba moja huko Devon, kusini magharibi mwa Uingereza, mgongo unauma, kucha zimejaa udongo na mfukoni zimetoka pauni mia na kitu. Warsha ya siku mbili ya maisha ya kijijini: kujenga ukuta wa udongo, kukinga maji shambani, mboji, kusuka vikapu. Ada nimelipa mwenyewe, nauli mwenyewe, hema la kulala nimebeba mwenyewe.

Sasa kilichonifanya niandike. Siku ya kwanza jioni ikapita karatasi. Nyinyi karatasi hiyo mnaijua. Mkono ulishashika peni kabla akili haijaamka, nikaandika jina, nikasaini vizuriii, nikaanza kutafuta ile safu ya kiasi cha posho na namba ya simu. Mama mmoja akaniambia asante sana kwa kujitolea. Kumbe zamu ya kuosha masufuria! Nimeosha masufuria ya watu kumi na nane jamani, nje, kwenye beseni, na baridi ya huku.

Nikawa nacheka peke yangu na sponji mkononi. Maana kwetu semina ya kilimo endelevu hata mtoto anajua inavyoenda, ukumbi una mapazia, mgeni rasmi kachelewa, kujitambulisha kunafika hadi chai ya saa nne, sambusa mbili mbili, kisha mwezeshaji anaonyesha picha ya makinga maji kwenye projekta na swali la kwanza kutoka kwa washiriki ni nauli ya kurudi mmeipangaje. Shamba lipo hapo hapo nyuma ya ukumbi. Haliguswi, watu wamevaa viatu vya kanisani.

Najua kuna mtu ashaanza kuandika "umepanda ndege juzi tu leo unatuona sisi washamba". Tulia mkuu. Mimi posho imenisomesha. Kuna ada ya muhula mzima niliilipa kwa semina tatu za mazingira, na ukiniuliza leo walifundisha nini nakumbuka kuku tu.

Mwalimu wetu Devon alikuwa mzee wa sabini na kitu, suruali kaifunga kwa kamba, shahada hana. Katuvua viatu akatuambia kanyageni. Udongo wa mfinyanzi, mchanga, majani makavu ya ngano, maji, basi. Kazi ileile ya kukandika. Ila huko kuna nyumba za udongo zimesimama tangu miaka ya 1500, watu wanaishi humo na waifai inashika, na wenyewe wana msemo kwamba ukuta wa udongo hautaki makuu, unataka kofia nzuri na viatu vizuri. Yaani paa litokeze nje ya ukuta, na chini kuwe na msingi wa mawe. Nilivyosikia hivyo nilikasirika kweli, maana nimekulia Mbinga nikiona ukuta unaanzia chini kwenye ardhi tupu, bati limeishia palepale ukuta ulipoishia, masika inapiga nyumba inakaa chini, tunasema udongo haufai. Tunaenda kuchoma tofali na miti ya kilima kizima.

Mchana wa pili likaja somo la maji. Huku wana kitu wanaita permaculture, yaani kupanga shamba na makazi kwa kuiga asili, waliianzisha Waaustralia wawili, Bill Mollison na David Holmgren, miaka ya 1970, kozi yake kamili ni masaa 72 na cheti unapewa. Mzee akachora mteremko, akachora mitaro, akasema maji yatembee taratibu, yazame. Nikanyoosha mkono. Nikawaambia kwetu Umatengo, huko huko milima ya Mbinga, kuna ngoro: wanaume wanafyeka nyasi na kuzipanga miraba miraba kwenye mlima, wanawake wanachimba katikati ya mraba na kufunika zile nyasi kwa udongo, zinaoza humo ndani, juu ya tuta unapanda maharage, mahindi msimu unaofuata, na shimo linakamata maji. Mlima unasimama kama paa la nyumba na udongo hauondoki. Watu wote kimya, kalamu zinatembea. Hapo nilivimba sitaki kuwadanganya. (Wachaga msinune, nilikitaja na kihamba, lile shamba lenu la migomba na kahawa chini ya miti, tena cha Shimbwe Juu kule Kilimanjaro, FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, walishakiweka kwenye orodha ya urithi wa kilimo tangu 2011.)

Sasa mtaniambia hao wazungu wanachezea matope Jumamosi, Jumatatu wanarudi kwenye hita. Kweli. Mtaniambia mkulima akiacha shamba lake siku nzima lazima alipwe. Na hili nimelifikiria kwenye basi njia nzima na sina jibu zuri, maana ni haki yake, siku ya palizi ikipita imepita. Ila kinachoniuma siyo kwamba posho ipo, ni inaenda kwa nani. Devon anayelipwa ni yule mzee wa kamba, kwa sababu yeye ndo anajua. Kwetu analipwa anayesikiliza, analipwa zaidi anayebonyeza projekta, mgeni rasmi ndo usiseme, na bibi aliyechimba ngoro miaka hamsini anaitwa mnufaika, anapewa fulana ya mradi. Saizi kubwa kuliko yeye. Hivi kuna siku mmeona bibi wa kijijini ameketi meza ya mbele, amelipwa kama mwezeshaji? Nionyesheni, niombe radhi hapa hapa.

Alafu niwape aibu yangu. Mzee kanialika nirudi mwezi ujao nifundishe ngoro, kwa malipo. Nikakubali haraka haraka. Kufyeka na kupanga nyasi naweza, nimefanya utoto wote, lakini kuchimba na kufunika ilikuwa kazi ya mama na dada zangu, mimi sijawahi hata mara moja. Leo asubuhi nikampigia mama video, nikamwomba anielekeze. Akanielekeza kwa jembe kabisa, simu kaegemeza kwenye mgomba, kaniuliza hao wanafunzi ni wangapi, wanalipa kiasi gani. Nikamtajia. Akasimamisha jembe, akanyamaza kidogo.

"Na mimi nasaini wapi, baba?"