SSM kwenye Linux, Windows na Mac: njia ya zamani au ile mpya?

Ukiambiwa soketi (milango ya programu kutuma na kupokea data mtandaoni) ni zilezile kila mahali we kubali tu, utajua siku unajiunga na multikasti (data moja inayokwenda kwa kundi la wapokeaji) ya SSM, yaani source-specific multicast, ile ya anwani za IPv4 zinazoanza na 232 ambapo unaiambia kerneli, moyo wa mfumo endeshi, nipe data ya kundi hili ila kutoka kwa mtumaji huyu peke yake. RFC 3678, waraka wa kanuni za mtandao wa 2004, ilileta njia mbili za kuomba, na mimi mpaka leo kila kazi mpya naanza kubishana na nafsi yangu nishike ipi.

Ya kwanza, opsheni ya soketi iitwayo IP_ADD_SOURCE_MEMBERSHIP, ni nyepesi, anwani tatu baiti 12 basi. Ni ya IPv4 tu, sawa, lakini kinachoua watu ni mpangilio. Windows, Mac na FreeBSD wanaweka kundi, mtumaji, halafu intafesi (kadi ya mtandao unayopokelea). Linux ni kundi, intafesi, mtumaji. Kwenye C unataja majina ya sehemu, kompaila inakupangia, huna presha, ila ukipanga baiti kwa mkono kwenye Python umekwisha, na namba ya opsheni nayo ni 39 kwa Linux, 15 Windows, 70 Mac. Ubaya zaidi, ukijaribu kwenye laptop moja, unatuma na kupokea hapohapo, mtumaji na intafesi vina aipi ileile kwa hiyo hata ukivigeuza vinakubali, unalala usingizi wako vizuri, kesho mtumaji yuko mashine nyingine Linux inakurudishia kosa la ENODEV (kifaa hakipo) na hujui uanzie wapi.

Ya pili ni MCAST_JOIN_SOURCE_GROUP. Inabeba IPv4 na IPv6, na intafesi unaitaja kwa namba yake siyo kwa aipi, raha sana kama aipi inabadilika badilika. Lakini nayo ina visa: Mac na FreeBSD kila anwani unayoweka ndani lazima uiandikie urefu wake kwenye baiti ya kwanza, Linux na Windows hawana hiyo kitu kabisa, ukisahau kwenye Mac au FreeBSD unapata kosa la EINVAL (ulichoipa si sahihi). Kwa anayepanga baiti kwa mkono ndo balaa, Linux ya biti 64 inataka baiti 264, Mac 260.

Kwa C nachukua ya pili bila kujiuliza, makosa yake yanapiga kelele ukiwa bado mezani kwako. Kwa skripti nabaki na ya kwanza ila najaribu kwa mashine mbili, siku zote.

Kuna wa "tumia Java yaishe", na kweli tangu Java 7 unaita join ukiipa kundi, intafesi na mtumaji. Ila bind, yaani kuifunga soketi kwenye anwani na poti, bado ni yako: Linux unaweza kubaindi anwani ya kundi lenyewe, Windows inakataa, unabaindi 0.0.0.0. Na ukiirudisha hiyo ya 0.0.0.0 Linux kwenye C bila kuzima opsheni ya IP_MULTICAST_ALL, unaanza kupokea data ya kundi ambalo hukuliomba, eti kwa sababu programu nyingine kwenye mashine hiyo imejiunga nalo na poti ni moja.