Kipande kwanza, jicho baadaye

Juzi kwenye matatu ya Eastleigh, Nairobi, redio ilikuwa inasoma habari za mwanamke mwingine aliyeuawa. Abiria mmoja akapaza sauti: "Hawa wageni wamezidi. Warudishwe kwao!" Habari yenyewe haikutaja mgeni yeyote. Makanga akacheka, akaendelea kudai nauli. Mimi nikanyamaza mpaka Pangani, na kule kunyamaza kumenikera wiki nzima.

Tumesahau upesi hivi? Julai 2024 maiti za wanawake, zikiwa zimefungwa kwenye magunia, zilitolewa kwenye timbo lililogeuka jaa kule Mukuru, jirani na kituo cha polisi. Aliyekamatwa ni kijana wa papa hapa Kenya, na polisi wakasema amekiri kuwaua wanawake 42. Mwezi uliofuata akatoroka kituo cha Gigiri pamoja na mahabusu wengine 12. Hao 12 walikuwa Waeritrea waliozuiliwa kwa kuwa nchini bila vibali. Mshukiwa wa mauaji ya halaiki na watu waliokosa karatasi, wote walipitia tundu lile lile lililokatwa kwenye waya wa paa.

Septemba mwaka huo huo Rebecca Cheptegei, mkimbiaji wa marathoni aliyetoka tu kushiriki Olimpiki ya Paris, alimwagiwa petroli na aliyekuwa mpenzi wake nyumbani kwake Trans Nzoia, akachomwa moto, akafa. Alikuwa Mganda. Katika kisa hicho, mgeni ndiye aliyeuawa.

Polisi wenyewe walitaja wanawake 97 waliouawa kati ya Agosti na Oktoba 2024. Wengi wa wanaouawa hivi huuawa na mume, mpenzi au jamaa, mtu mwenye ufunguo wa nyumba. Mgeni akiua, naye akamatwe, sibishani. Ila kumtafuta muuaji kwa lafudhi yake ni uvivu.

Nina jirani, mama wa Kiethiopia anayeuza kahawa ghorofa ya chini. Usiku mmoja alinigongea mlango, kapigwa na mumewe, jicho limefura hadi likafumba, kanga imelowa damu. Tulikwenda kituoni kwa miguu. Askari wa dawati hakuinua kichwa.

"Kipande?"

Akatoa karatasi yake ya ukimbizi kwenye mfuko wa nailoni, imekunjwa mara nne. Askari akaigeuzageuza. "Hii imeisha muda." Kisha akanitazama mimi: "Wewe ni nani yake?" Nikamwambia ni jirani. "Basi mama, mrudishe wakayamalize nyumbani." Namba ya OB, kitabu cha matukio cha polisi, hatukupewa; fomu ya P3, ile ya daktari kuandika majeraha, hatukuiona. Lile jicho, naapa, hakulitazama hata mara moja.

Huyu mama alikuwa Eastleigh Aprili 2014, wakati wa Usalama Watch, msako wa polisi dhidi ya wageni, watu walipobebwa kwa malori hadi uwanja wa Kasarani. Mimi nilikuwa nimeshasahau. Yeye bado hulala na karatasi zake chini ya mto.

Tukirudi, nilidhani analia kwa sababu ya mumewe. Tulipofika kwenye ngazi akanishika mkono.

"Dada, jina langu wameandika? Kesho watakuja na lori?"