Shuka lililolowa si dawa ya joto la Pwani

Nimesoma makala ya kuishi kwa kufuata majira. Ni nzuri, ila ushauri wake wa kutundika shuka lililolowa dirishani usiku wa joto ili kupoza chumba unafaa penye hewa kavu kama Dodoma, si Dar, Tanga wala Mombasa. Pwani, Desemba hadi Machi, hewa tayari imejaa unyevu. Shuka hilo huuongeza, na mwili hupozwa na jasho linalokauka, si linalotiririka.

Kinachosaidia ni upepo kupita. Kaskazi, upepo wa miezi hiyo, huvuma kutoka kaskazini-mashariki: fungua dirisha la upande huo na jingine ukuta wa pili, kwani dirisha moja halivuti hewa. Alasiri ziba madirisha yanayopigwa na jua la magharibi. Ukuta wa tofali za saruji hutunza joto na kulirudisha chumbani hadi usiku mwingi. Feni isogezwe karibu na kitanda, maana chandarua hupunguza upepo (na msikitoe jamani, mbu hawana likizo). Oga maji ya uvuguvugu saa moja au mbili kabla ya kulala. Maji ya barafu hubana mishipa ya ngozi, joto linabaki ndani.

Kazi za juani zimalizwe kabla ya saa 4 asubuhi. Kusi likishika, kuanzia Mei hivi, upepo hubadili upande na kutoka kusini, kwa hiyo kitanda kisikae mkabala na dirisha la kusini; Juni na Julai alfajiri hupoa, na baridi hiyo huwasumbua hasa watoto wachanga na wazee.