Mwalimu wa Yoga Asinipimie Dawa

Siku hizi mjini kuna mtindo: darasa la yoga ya taratibu likiisha tu, mezani yamepangwa makopo ya unga wa majani. Mwalimu yuleyule aliyekuambia ulegeze mabega ndiye anayekuelekeza kijiko cha asubuhi na cha usiku. Yoga naipenda, na miti shamba nimekua nayo. Lakini vikiwa mkononi mwa mtu mmoja napata wasiwasi.

Kwenye yoga yenyewe sina ugomvi. Sizungumzii ile ya kurukaruka mpaka jasho likutoke. Nazungumzia ile ya kukaa mkao mmoja dakika 3 hadi 5, ambayo wenyewe wanaiita yin. Ilipata umbo lake Marekani kuanzia miaka ya 1970, kwa kuchanganya yoga ya Kihindi na mazoezi ya Kichina. Ukiitazama kwa mbali utasema ni uvivu. Haya, jaribu: kaa chini, kutanisha nyayo, acha magoti yaangukie pembeni, kisha inama mbele bila kujilazimisha. Dakika ya kwanza raha tupu. Ya pili nyonga zinaanza kulalamika, na akili inakumbuka kwamba luku inakaribia kuisha na hela ya kikoba hujatuma. Ukivumilia huku unashusha pumzi polepole, kufika ya nne kiuno kinaachia chenyewe, bila kuvutwa.

Kwetu tunaoshinda kwenye kiti cha ofisi na kurudi nyumbani tumening'inia kwenye daladala, hii si anasa. Mwongozo wa American College of Physicians, chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani, wa mwaka 2017 uliitaja yoga kati ya mambo ya kujaribu kwanza kwa maumivu sugu ya kiuno, kabla ya vidonge. Na kupumua taratibu, pumzi kama 6 kwa dakika, hushusha presha kidogo. Wanaosema hiyo ni ibada ya watu nawaheshimu. Mimi nachukua mazoezi ya viungo na pumzi, na Ijumaa naenda msikitini kama kawaida.

Baada ya hapo, kikombe. Nafunga fundo majani matatu manne ya mchaichai, nayaponda kidogo kwa mpini wa kisu, naongeza kipande cha tangawizi kilichotwangwa. Maji yakishachemka nazima jiko na kufunika sufuria kwa sahani. Usifunue mapema, maana harufu ndiyo yenyewe; ikiondoka na mvuke umebaki na maji ya moto. Sukari, kama unaweza, iache. Kwa kiasi hiki cha jikoni, mkeka na mmea vinaoana vizuri sana, wala si jambo geni. Bibi zetu wa Pwani walimkanda mzazi kwa maji ya moto, wakamfukiza, wakamnywesha uji wa pilipili manga na kumpumzisha siku arobaini.

Ila bibi alikuwa anamjua huyo mzazi tangu utotoni. Mwalimu wangu wa yoga hajui kama nina sukari, na hajawahi kuuliza.

Mmea ukiwa dawa kweli, una dozi. Tu Youyou wa China alishinda Nobeli mwaka 2015 kwa kazi ya kupata dawa ya artemisinin kutoka kwenye mmea wa artemisia, na humo ndimo zilimotoka dawa mseto tunazopewa tukiugua malaria. Pamoja na sifa zote hizo, Shirika la Afya Duniani halishauri chai ya artemisia kutibu malaria: kiasi cha dawa kwenye majani hubadilikabadilika, mgonjwa anaweza kupata pungufu, na vimelea vikapata nafasi ya kuwa sugu. Mwarobaini nao huweza kushusha sukari. Uongeze juu ya vidonge vya kisukari uone kama hutapata kizunguzungu sokoni. Rozela inashusha presha, kwa hiyo anayemeza dawa za presha ana la kuuliza kabla ya kunywa jagi zima. Ashwagandha, mmea wa tiba ya Kihindi na kipenzi cha watu wa yoga, imehusishwa na madhara ya ini, na Denmark iliipiga marufuku kwenye virutubisho mwaka 2023.

Wala mfano wa mbali hatuuhitaji. Mwaka 2011 nchi nzima ilipanga foleni kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya miti shamba cha Babu, mchungaji mstaafu aliyesema inatibu magonjwa sugu, kwa shilingi 500. Mzee ameshatangulia mbele ya haki, sina neno naye. Waliokunywa wakaendelea na dozi zao, wengi wao walipoteza nauli tu. Walioumia ni wale walioamini wamepona, wakaacha dawa za hospitali. Hicho ndicho ninachokiogopa darasani: ukitoka kwenye mkao wa mwisho mwili umetulia, kila kitu kinaonekana kimepona, na kopo liko mbele yako.

Sheria ya tiba asili na tiba mbadala tunayo tangu 2002, na lipo Baraza linalosajili waganga na dawa zao. Basi muulize mwenye kopo kama dawa yake imesajiliwa, kisha muulize inagombana na dawa gani. Akikujibu kwamba ni ya asili, haina kemikali, mrudishie kopo lake kwa heshima. Darasa la wiki ijayo nenda tu.