Mnyama wa Durban na uhamisho ambao hakuna aliyeulipia

Dirisha la usajili linapofunguliwa, vijiwe vya kahawa vya Mwanga, hapa Kigoma, hujaa mawakala wasio na leseni. Hubishana nani katoka wapi na kwa shilingi ngapi, lakini ni nadra kumsikia mtu akiuliza mchezaji anakwenda kucheza nafasi gani. Kwa upande wa raga, hasa kwa mafowadi, yaani wachezaji wa mbele wanaosukumana, mimi naona swali hilo ndilo la kwanza, na ushahidi wangu ni Tendai Mtawarira.

Mtawarira alizaliwa Harare mwaka 1985, akahamia Durban angali kijana na kujiunga na timu ya Sharks akiwa namba 8, nafasi ya mtu anayekaa nyuma ya skramu (mafowadi 8 wa kila timu walioshikamana na kusukumana wakigombea mpira) na kuondoka na mpira mkononi huku uwanja mzima ukimtazama. Kocha Dick Muir akamtaka aende mbele kabisa, awe propu wa kushoto, namba 1. Jina lake la utani ni Beast, yaani Mnyama (watu wa Msimbazi watuwie radhi), na huyo Mnyama alikuwa anatakiwa aanze upya kwenye kazi ambayo mtazamaji wa kawaida haioni.

Kazi hiyo nimeielewa Kibirizi, siyo kwenye runinga. Boti la mbao linapopandishwa mchangani ili lizibwe, wanaume hulipachika mabega ubavuni na kusubiri sauti moja. Yule aliyekaa karibu na omo huinama hadi uso ukakaribia mchanga, vidole vya miguu vikichimba, na akiteleza yeye, boti zima hupinda hata kama walio nyuma yake wana nguvu za tembo. Propu ndiye huyo, isipokuwa mbele yake hakuna boti, bali wanaume 8 wanaosukuma kurudi kwake.

Mwaka 2008 alianza kuichezea Afrika Kusini, na mwaka uliofuata, pale Durban, alimsumbua Phil Vickery wa British and Irish Lions, timu ya pamoja ya Visiwa vya Uingereza na Ireland, kiasi kwamba mkongwe huyo alitolewa mapema kipindi cha pili. Mwaka 2010 likazuka suala la uraia wake, hadi alipopewa rasmi. Sisi wa mkoa wa mpakani tunajua uzito wa mtu kuulizwa kwao ni wapi wakati kazi yake inaonekana. Alifikisha mechi 117 za kimataifa, ya mwisho ikiwa fainali ya Kombe la Dunia 2019 huko Yokohama, ambapo skramu ya Uingereza ilibomolewa na Afrika Kusini ikashinda 32 kwa 12.

Kisha akaenda Washington, timu ya Old Glory DC. Rafiki yangu mmoja wa kijiweni alisema mzee amefuata dola. Sikubaliani naye, kwa sababu bingwa wa dunia aliyetafuta starehe asingechagua klabu iliyokuwa ndiyo kwanza inaingia msimu wake wa kwanza wa ligi ya Marekani, tena katika nafasi ileile ya kuumiza shingo. UVIKO-19 ulifuta msimu huo mwezi Machi 2020, baada ya raundi chache tu, naye akastaafu. Hata hizo mechi chache, alicheza nafasi ileile aliyopewa na Muir.