Spika za Mlango Zifunge Mwenyewe

Kubadilisha spika za milango ya gari ni kazi ambayo simpi fundi wa kando ya barabara, hata kama mkono wake ni mwepesi kuliko wangu. Wepesi huo ndio tatizo lenyewe. Fundi wa Kirinyaga Road, hapa Nairobi, analipwa kwa gari, si kwa saa, na nyuma yako kuna wateja wengine wanaopiga honi. Atang'oa spika kuukuu, atasokota waya na kuzizungushia tepu, atafunga mpya kwa skurubu mbili, na kabla hujamaliza chai utasikia, "Bosi, kuja usikie hiyo besi!" Na kweli itasikika vizuri kuliko ya zamani. Ila nusu ya pesa uliyolipia spika itakuwa imebaki ndani ya mlango.

Magari mengi ya Nairobi, kina Fielder, Axio, Demio na Vitz, yalikuja kutoka Japani yakiwa yameshatumika kwa miaka kadhaa. Spika zake za kiwandani huwa na koni ya karatasi na sumaku ndogo. Ukiishika moja mkononi ni nyepesi kama sahani ya plastiki. Wengi huanza kwa kubadilisha redio, na hapo siwalaumu, kwa sababu redio nyingi za Kijapani zinaishia megahezi 90 ilhali stesheni zetu zinapanda hadi karibu 108. Kisha wanasoma kwenye kasha la redio mpya kwamba ina wati 50 mara nne, wanakimbilia maduka ya mtaa wa Luthuli kutafuta spika za wati 300.

Hesabu haikubali. Redio inayotumia umeme wa gari, volti 14 hivi injini ikiwa inanguruma, ikisukuma spika ya omu 4, haitoi zaidi ya wati ishirini na kitu za sauti safi kwa kila spika. Zile 300 za kasha la spika ni za kilele, kishindo cha mara moja, na wakati mwingine ni za aliyechapisha kasha tu. Tafuta wati za kuendelea, zinazoandikwa RMS, halafu tazama usikivu, yaani ukubwa wa sauti ambayo spika hutoa kwa wati zilezile, ule unaopimwa kwa desibeli. Spika ya desibeli 92 ikipewa wati 20 inavuma sawa na ya desibeli 89 iliyopewa wati 40. Kama huna amplifaya, kile kifaa cha kuongezea redio nguvu, hiyo ndiyo nambari ya kulipia. Haipo kwenye kasha na muuzaji haijui? Rudisha pesa mfukoni, ujaribu duka la pili.

Sasa mlango, maana hapa ndipo kazi ilipo. Koni ya spika husukuma hewa mbele na nyuma kwa zamu, na sauti ya nyuma ikipata njia ya kukutana na ya mbele, besi hufa hapo hapo. Bandua ubao wa ndani wa mlango wa gari la kawaida utaona bati lenye matundu makubwa, yamefunikwa kwa karatasi laini ya nailoni. Karatasi hiyo imewekwa kuzuia maji ya mvua yasiingie miguuni pako, haizuii sauti. Kwa hiyo matundu yazibwe kwa mikeka ya butili, mpira unaonata, ile yenye mgongo wa karatasi ya fedha, na kipande kingine kibandikwe kwenye bati la nje nyuma ya spika ili lisitetemeke. Hata hivyo mashimo ya kutolea maji chini ya mlango yaachwe wazi, la sivyo masika yakija utakuwa na pipa linalooza kutu.

Toyota huzifunga spika zake kwa riveti, na fremu yake ya plastiki ina kina ambacho spika ya dukani haina. Ukishakata vichwa vya riveti kwa drili, unahitaji pete ya kujazia nafasi hiyo. Pete ya plastiki ni bora. Ya plaiwudi itafaa ikipakwa rangi pande zote, vinginevyo italowa na kuvimba. Ukingoni weka sponji nyembamba ili hewa isipenye. Kabla hujatoboa tundu lolote jipya, shusha kioo hadi chini uone kama sumaku itakigusa. Fundi mwenye haraka hafanyi hata moja kati ya haya, na simlaumu, kwa ile bei uliyompunja hadi akakubali.

Waya usikate. Kuna plagi za kuunganishia zinazouzwa kulingana na aina ya gari, na siku ukiliuza gari unarudisha spika za zamani bila mtu kujua. Ukichanganyikiwa ni waya upi wa chanya, chukua betri ndogo ya saa ya ukutani, iguse kwenye nyaya za spika mara moja: koni ikiruka nje, upande wa chanya wa betri umegusa chanya ya spika. Spika moja ikifungwa kinyume, besi hupotea na sauti ya mwimbaji huzagaa kila upande, na watu hulaumu spika.

Najua jibu la wengi: "Nitavunja klipu," zile za plastiki zinazoshika ubao wa mlango. Utavunja, ndiyo. Zinauzwa mojamoja hapo hapo Kirinyaga na bei yake haikunyimi chakula. Cha kuheshimu ni plagi za rangi ya manjano ukikutana nazo. Hizo ni za mifuko ya hewa ya usalama, ziache zilivyo. Shusha kioo kwanza, kisha toa waya hasi wa betri kabla ya kuanza. Zaidi ya hapo ni bisibisi, soketi ya milimita 10, na Jumapili isiyo na wageni.

Amplifaya ni habari nyingine, na hapa ninabadilika kabisa. Sote tumelelewa na matatu za Rongai na Umoja, kwa hiyo mtu akipata gari anawaza sabufa, ile spika kubwa ya besi, kabla ya kuwaza matairi. (Ukiniuliza, mwenye spika mbovu milangoni akinunua sabufa anaongeza kelele tu.) Waya unaotoka kwenye betri kupita kwenye ukuta wa injini hadi buti unaweza kuliwasha gari moto ukichubuliwa na bati. Hiyo ni kazi ya fundi wa umeme wa gari, na usiende kunywa chai. Hakikisha tundu la ukutani lina mpira. Kwangua ncha ya waya kwa kisu: ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, na kwa unene uleule inabeba umeme kidogo kuliko shaba tupu. Fyuzi ikae karibu na betri, isizidi nusu mita, kwa sababu kazi yake ni kuulinda waya. Akikuambia ile fyuzi ndogo iliyo kwenye amplifaya yenyewe inatosha, mlipe kazi aliyofikisha hapo, uwashe gari uende.