Malaika na Majirani Zake

Sijui ni nani aliyeamua kwamba Miriam Makeba, mwimbaji wa Afrika Kusini, ni muziki wa kulalia. Fungua orodha yoyote ya nyimbo za "kutuliza akili", utamkuta, na wimbo ni uleule: Malaika, akiimba na Harry Belafonte, nyota wa Marekani. Chini yake maoni ni mioyo, maua, na "huu nataka upigwe harusini kwangu". Haya, upigwe. Lakini umenyofolewa kwenye albamu ya mwaka 1965, An Evening with Belafonte/Makeba, na majirani zake humo ndani ni jela, treni ya vibarua, ardhi iliyoporwa, na onyo kwa waziri mkuu wa makaburu.

Ugomvi wa nani aliutunga, Fadhili William au Adam Salim, una wenyewe. Na Makeba kusema "ningekuoa" kwa kinywa cha kike, walimu wa sarufi wamsamehe.

Kinachoniudhi hasa ni majina. Kwenye jalada, nyimbo zilipewa majina ya Kiingereza, mengine yamelainishwa kama chakula cha mtoto asiye na meno. Upo mmoja ulioitwa "Kwa Wale Tuwapendao". Ukisoma hivyo utadhani ni kadi ya sikukuu. Jina lake lenyewe ni Nongqongqo, na hilo ni gereza, la mji wa East London ulioko Afrika Kusini. Wimbo unasema wote wamo kifungoni, kisha unawaita kwa majina viongozi wa kupinga ubaguzi: Sobukwe, Luthuli, Mandela, Sisulu. Mandela na Sisulu walikuwa wamehukumiwa kifungo cha maisha Juni 1964, yaani wino wa hukumu haujakauka, mwanamke yuko studio Marekani anawataja mmojammoja. Kwa wale tuwapendao, eti!

Ukitaka kuuimba, usiseme "Nonkonko" kama kwaya nyingi zinavyofanya. Ile q ya Kixhosa, lugha ya wimbo huu, ni kidoko, na kidoko hakitumii pumzi ya mapafu. Ni ulimi unaonyonya na kuachia. Bandika ncha ya ulimi kwenye kaakaa, nyuma ya ufizi, kisha ing'oe kwa nguvu ushuke chini: utasikia mlio kama kizibo cha chupa. Sasa anza kuvumisha ng' ya ng'ombe puani, na uipige q huku uvumi ukiendelea. Hiyo ndiyo ngq. Kosa la kawaida ni kukata sauti, kupiga kidoko, halafu kuanza irabu upya. Wimbo unakwama kama gari lenye gia mbovu. Kidoko kinapanda juu ya sauti, hakiisubiri. Herufi c ni ile "nts" ya kusikitika, ulimi nyuma ya meno ya mbele. X hutokea ubavuni, kama mtu anayemhimiza farasi. Wasandawe na Wahadzabe watatucheka kwa kuhitaji somo hili.

Kwa msikilizaji wa Kiswahili mtego mkubwa uko kwenye Ndodemnyama. Masikio yetu yanadaka "mnyama" na kumwona simba. Sivyo. Kwa Kixhosa, indoda emnyama ni mwanamume mweusi. Wimbo unamwambia Verwoerd, waziri mkuu na fundi mkuu wa ubaguzi ule: huyo mtu mweusi anakuja, jihadhari. Mtunzi wake, Vuyisile Mini, mwanaharakati wa vyama vya wafanyakazi wa Port Elizabeth, alinyongwa Pretoria tarehe 6 Novemba 1964. Usikilize tena ukijua hilo. Sauti haipandi, hakuna kelele, waitikiaji karibu wanacheka. Tishio linaimbwa kwa utulivu wa mtu anayejua atashinda, na ndiyo maana wavivu wa kusikiliza wanauweka kwenye kapu la kutuliza akili.

Khawuleza, "fanya haraka", ni watoto wanaompigia mama kelele kwamba polisi wanakuja, afiche pombe. Waafrika walikuwa wamekatazwa kupika na kuuza pombe. Mama yake Makeba alifungwa miezi sita kwa kosa hilo, na binti akaingia naye gerezani akiwa na umri wa siku 18. Dorothy Masuka ndiye aliyeutunga, na kwa kinywa cha Makeba ni kama cheti cha kuzaliwa.

Nakubali, shingo upande, kwamba bila utamu huo na bila jina la Belafonte, kampuni ya rekodi kama RCA Victor isingeigusa kazi hii, wala albamu isingepata tuzo ya Grammy ya muziki wa jadi mwaka 1966. Mipangilio ya muziki ya Jonas Gwangwa nayo ni safi mno, hata inamsaidia asiyetaka kusikia maneno. Ndiyo. Bado sioni sababu ya kuendelea kujifanya viziwi miaka sitini baadaye.

Na ile rafu ya "muziki wa dunia" dukani, anakotupwa Makeba: jina hilo lilikubaliwa na wauza rekodi kwenye baa moja ya London mwaka 1987, ili maduka yajue pa kuweka santuri. Halikusudiwa kumweleza mtu yeyote chochote.

Sasa fanya hivi. Anza na Mbombela, treni inayowabeba wanaume kwenda kwenye kazi za mbali. Usiruke. Pita Nongqongqo, Khawuleza na Ndodemnyama, halafu ndipo uuweke Malaika. Yule kijana anayelia kwamba hana mali ya kumuoa mpenzi wake, utajua ni treni gani atakayopanda kesho asubuhi.